Laptopu inayokesha ndani ya begi

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu, kila Ijumaa napanda basi kutoka Korogwe kwenda Tanga. Naifunga laptopu ikiwa na chaji asilimia 80, naitia begini. Nikifika naikuta ya moto, chaji imebaki 12. Fundi mmoja ameniambia ninunue betri mpya. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Usitoe hela ya betri kwanza. Joto hilo linaonyesha mashine ilikuwa kazini njia nzima. (Ukiona imevimba sehemu ya chini, hilo ndilo la betri, na usiichaji tena.)

Laptopu yenyewe inamjua aliyeiamsha, kwa hiyo iulize. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bofya kulia jina Command Prompt litakalotokea, chagua Run as administrator. Kwenye kidirisha cheusi andika powercfg /lastwake, kisha Enter. Mara nyingi itakutajia kilichoiamsha mara ya mwisho. Isipotaja kitu, andika powercfg /requests, uone programu inayoizuia kulala sasa hivi. Video iliyoachwa ikicheza inatosha kabisa.

Mwaka jana nililetewa moja yenye ugonjwa huu huu. Nilishinda nayo mchana kutwa kabla sijaona jibu: ni mausi! Kile kipokezi cha mausi isiyo na waya, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, kilibaki kimechomekwa ubavuni, na mausi yenyewe imo humo humo begini haijazimwa. Gari likiruka tuta, mausi inatikisika, laptopu inaamka gizani. Angalia na wewe, uchomoe kila kilichochomekwa.

Kisha andika powercfg /a. Ukiona S0 Low Power Idle kwenye orodha ya kwanza, ile ya zinazopatikana (available), mashine yako hulala kama simu: skrini imezimika, ndani bado inasikiliza mtandao. Hiyo usiisafirishe ikiwa imelala tu. Andika powercfg /hibernate on, halafu nenda Control Panel, Power Options, kwenye kipengele cha kufunga mfuniko, uchague Hibernate. Hapo kazi zako zote huandikwa kwenye diski, na umeme wa kuitunza hauhitajiki tena. Kuamka kutachelewa kidogo, lakini nakusihi ukubali, hasa kama diski yako ni ile ya kuzunguka. Mtikisiko wa basi huku inazunguka unaweza kukupotezea alama za darasa zima.

Ukishafunga mfuniko, subiri feni inyamaze na taa zizimike, ndipo uitie begini.