Jinzi ya Kojima si ya kutunzwa kabatini

Ukitaja Japani hapa Dar, mtu anafikiria Noah, IST na meli zinazoshusha magari bandarini. Wachache wanajua kuwa ukoo wa Toyota ulianzia kwenye mitambo ya kufuma nguo. Sakichi Toyoda alikamilisha mtambo wake wa Aina ya G mwaka 1924. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza ikanunua haki ya kuutengeneza, na mwanawe Kiichiro akageukia magari. Mitambo ya Toyoda iliyokuja baadaye, ile myembamba inayorusha uzi huku na huku kwa kipande cha mbao, ndiyo bado inafuma denimu, yaani kitambaa, cha jinzi za Kijapani ninazotaka kuzizungumzia.

Naanzia hapo kwa sababu swali ninaloulizwa sana ni hili: ni kweli Wajapani walinunua mitambo ya zamani ya Levi's, kampuni ya jinzi ya Marekani? Si kweli. Levi's walikuwa washonaji. Kitambaa chao walikinunua, kwa miaka mingi kutoka kwa wafumaji wa Cone Mills, ambao kiwanda chao cha White Oak kule Greensboro, North Carolina, kilifungwa mwisho wa 2017. Wajapani wanafuma kwa mitambo ya kwao. Muuzaji akianza na hadithi hiyo, mhoji na bei vilevile.

Mimi ni seremala, na jinzi yangu ya kazini ni TCB, kampuni ndogo ya Kojima, mkoa wa Okayama. TCB ilianza kama karakana ya kuwashonea wengine kabla ya kuwa na jina lake, na nembo yake ya kiunoni ina paka wawili. Kojima ni mji wa cherehani tangu zamani: sare nyingi za wanafunzi wa Japani zimeshonwa pale. Mwaka 1965 kampuni ya Maruo ya mji huohuo, ambayo baadaye ilijulikana kama Big John, ilishona jinzi kwa kitambaa cha Marekani kwa sababu Japani haikuwa na chake. Mwaka 1973 ndipo walipopata denimu ya nyumbani, KD-8 ya kiwanda cha Kurabo. Namba 8 ni jaribio la nane.

Modeli yangu ni 50s, iliyofuata jinzi ya Levi's iitwayo 501 ya miaka ya 1950. Ndugu yangu anayefanya kazi Osaka aliniletea kwenye begi lake, na hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza kwa yeyote mwenye jamaa huko. Bei yake inazidi yeni 20,000, na ukiiagiza mwenyewe kuna posta na ushuru wa forodha juu yake.

Jambo la kwanza kuangalia ni uzito, tena kabla ya rangi na umbo. Denimu hupimwa kwa wakia kwa yadi ya mraba. Yangu ni wakia 13.5, karibu gramu 460 kwa mita ya mraba, na kwa joto la pwani huo ndio mpaka wangu. Mtandaoni utakutana na vijana wanaojisifu kwa jinzi za wakia 21 za Iron Heart. Iron Heart ni kampuni nzuri kabisa, ila ilianzishwa ikiwalenga waendesha pikipiki, na gramu 700 kwa mita ya mraba ni nguo ya upepo wa baridi. Mwezi wa pili Kariakoo utaivua na kuitupa mtaroni. Walioko Mbeya, Nairobi au Ulaya wana hesabu yao nyingine.

Kisha vipimo. Usiamini namba ya kiunoni. Chukua suruali inayokukaa vizuri, ilaze mezani, pima kwa sentimita: kiuno, paja, kutoka msamba hadi juu ya kiuno, goti, pindo, mguu kwa ndani. Linganisha na jedwali la muuzaji. Hicho kipimo cha msamba hadi kiuno ndicho kinachowashangaza watu wetu, maana suruali za kazi za Marekani zilikaa juu, karibu na kitovu, ili fundi akiinama mgongo usibaki wazi. Ukiivaa chini kama jinzi za siku hizi, msamba utaning'inia. Kwa wenye mapaja na makalio (Waafrika tunajijua), mkato wa miaka ya 1950 una nafasi kuliko mkato mwembamba wanaousifia wanamitindo.

Uliza pia kama kitambaa kimeshaingia maji. Kuna denimu iliyozuiwa kunywea kiwandani, na kuna ambayo haikuzuiwa. Hii ya pili hupungua sana, wakati mwingine asilimia 10 ya urefu. Kama unaagiza kutoka mbali, chukua iliyokwisha kufuliwa mara moja na utumie vipimo vya baada ya kufuliwa. Ile ghafi waachie walio karibu na duka.

Sasa suala la kuiga jinzi za zamani, ambalo kwangu ndilo tamu zaidi. Watengenezaji hawa hawaigi Marekani kwa jumla jumla, wanaiga mwaka. Ribiti, vile vifungo vya chuma vinavyokaza kona za mifuko, kwa nyuma zilikuwa wazi, zikakwaruza viti na matandiko ya farasi, kwa hiyo mwaka 1937 Levi's wakazifunika kwa kitambaa. Ukiingiza mkono kwenye mfuko wa nyuma wa jinzi ya mtindo wa miaka ya 1950 utazigusa kwa ndani. Wakati wa Vita vya Pili chuma na uzi vilibanwa: ribiti ya kifuko cha saa ikaondoka, ya msamba ikaondoka, kikaza cha mgongoni kikaondoka, na yale matao mawili ya urembo kwenye mfuko wa nyuma yakapakwa rangi badala ya kushonwa. TCB wana modeli ya S40s inayofuata kipindi hicho cha dhiki. Kwa hiyo ukipokea jinzi ya namna hiyo na kukuta ribiti pungufu, usimwandikie muuzaji kwa hasira. Umelipia upungufu huo.

Kuna wanaolipia hayo yote kisha wanaogopa kuifua. Utasoma kwamba jinzi kama hii isiguse maji kwa miezi sita ili ichuje rangi kwa mistari mikali. Ni kweli rangi yake inavutia inavyochuja: nyuzi husokotwa pamoja kama kamba, huzamishwa kwenye nili, hutolewa zipigwe na hewa, huzamishwa tena, na nili haifiki katikati ya uzi, ndiyo maana palipokunjika na paliposuguliwa huwa peupe. Lakini wachimba madini na wafanyakazi wa reli waliovaa jinzi za asili walizifua, na hawakuishi kwenye unyevu wa bahari ya Hindi. Huku kwetu jasho na vumbi vikikaa msambani husaga nyuzi za pamba, na suruali hupasuka hapo kabla ya kuchuja popote. Ifue inapochafuka. Maji baridi, geuza ndani nje, sabuni ya kawaida, jiki isikaribie. Usiikamue kwa kuisokota, itaacha michirizi. Ianike kivulini. Na mwanzoni usikalie kochi jeupe la watu.

Kwa fundi wa mtaani ipeleke kukatwa miguu na kushonwa pindo baada ya kufuliwa, kamwe si kabla. Wapenzi wa mambo haya watakuambia pindo lazima lishonwe na Union Special 43200G, cherehani ya Kimarekani ya mshono wa mnyororo inayolifanya pindo lijisokote kidogo kadiri linavyofuliwa. Uzuri huo upo, lakini Butterfly ya fundi wako inatosha. Mwambie aweke sindano namba 18, na anapofika kwenye mshono wa pembeni aupigepige kwa nyundo kwanza, kisha azungushe gurudumu kwa mkono.

Kama bei inakushinda, Uniqlo huuza jinzi za kitambaa cha Kaihara, kiwanda cha Hiroshima kilichoanza 1893, kwa bei ya chini sana ya hizi. Mitumba nayo usiidharau. Karume nageuza kila mguu wa jinzi nitazame mshono wa nje: ukingo uliofumwa, mara nyingi wenye uzi mwekundu, unaonyesha mtambo mwembamba. Hauthibitishi zaidi ya hapo, maana siku hizi hata kampuni za bei rahisi wanao. Papasa ribiti za mfuko wa nyuma, kagua msamba kwenye mwanga, ndipo uanze kupatana.

Vile vipande vya miguu utakavyokata usivitupe. Msamba ukianza kuonyesha weupe kama utando wa buibui, usisubiri tundu: mpe fundi kipande kimoja akiweke kwa ndani, akishone huku na huku kwa uzi unaokaribiana na rangi ya nili, avuke eneo lililochoka kwa vidole viwili kila upande. Kiraka hicho kikichoka, bado una kipande cha mguu wa pili.