Jibu: Fenoli unayo nyumbani tayari

Dada, umeuliza kama hii fenoli, kemikali inayomsumbua binti yako wa kidato cha nne, ina kazi yoyote nje ya maabara. Unayo nyumbani, ila imebadilika sura. Yenyewe ni fuwele nyeupe na huchoma ngozi vibaya, kwa hivyo usiitafute.

Mwambie binti amimine Dettol kidogo kwenye glasi ya maji. Ule weupe kama maziwa ni vitone vidogo vya mafuta na klorozailenoli, mtoto wa fenoli asiyependa kuyeyuka majini. Panadol nayo ni ukoo huohuo. Aspirini pia.

Ninayoipenda mimi ni bakelaiti, plastiki ngumu aliyoitengeneza Leo Baekeland mwaka 1907 kwa fenoli na fomaldehaidi. Ukipita soko la Kibuye, Kisumu, Jumapili, kwa wale wauza vyombo vya mtumba, shika kikaango cha zamani chenye mkono mweusi, mgumu: ndiyo bakelaiti hiyo. Plastiki ya jagi ikiguswa na moto hulegea na kudondoka. Ule mkono hauyeyuki, unaungua tu na kunuka. Wangu umebabuka upande mmoja, jiko la makaa hilo, na bado naugeuzia omena kila jioni.