Nimehamia Linux, sasa programu zangu za Windows je? Majibu kwa wasomaji

Yaya, jambo. Niko na sekretaria, kaduka ka kuchapa na kutoa karatasi, hapa kwenye komini ya Kenya ya Lubumbashi, si mbali na soko, mashini mbili na printa moja. Kijana mmoja aliniambia Windows 10 imekwisha, Microsoft wameacha kuitunza tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na mashini zangu ni za zamani haziwezi kubeba Windows 11, njo akaniwekea Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta pahali pa Windows, kwenye moja. Inaenda mbio kweli, sikatai. Lakini programu zenye nilizoea hazifunguki: Word, Publisher ya kutengeneza mialiko ya ndoa, na ile ya komptabilite yenye ninaingizia hesabu za duka la shemeji. Wanafunzi wanakuja na TFC, ile kazi yao ya kumaliza masomo, kwenye kle ya USB, nitawaambia nini? Kijana anasema niweke tu programu inaitwa Wine, yote itaenda. Ni kweli? Mama wa sekretaria, Kenya, Lubumbashi

Jambo mama. Kijana hajakudanganya ila amekupa nusu ya maneno. Programu ya Windows, ile faili ya .exe, kila inachotaka kufanya inakiomba kwa Windows, nifungulie dirisha, nisomee faili hii, nitolee karatasi, na Linux haijui maombi hayo. Wine inayapokea na kuyageuza papo hapo yawe maombi ya Linux. Hakuna Windows iliyofichwa ndani. Watu walianza kazi hiyo mwaka 1993 na toleo la 1.0 likatoka 2008, miaka 15 mizima, sababu inabidi waandike upya kila jibu ambalo Windows inatoa bila kuona Windows ilivyoandikwa ndani. Kwa hiyo programu moja inaenda vizuri sana, ingine inafunguka lakini haichapishi, ingine inakataa kabisa. Kwenye tovuti ya Wine kuna orodha ya programu na matoleo yake, zilizopimwa na watu, tafuta jina la yako huko kabla hujamaliza mega zako kwa kudaunlodi.

Sasa tuchukue kazi zako moja moja, maana sipendi uweke Wine halafu ndo uanze kuuliza ya nini.

TFC kwanza, hiyo njo mkate wako. Word za zamani kama ya 2010 zinaenda kwenye Wine, hizi mpya za kulipia kila mwezi zinasumbua sana, usipoteze siku zako. Mint imekuja na LibreOffice, programu za ofisi za bure, na inafungua faili za Word, tatizo kubwa ni fonti, yaani aina ya herufi. Mimi nilichapisha TFC ya mtoto wa jirani hivyo hivyo bila kuangalia, Calibri haikuwa kwenye mashini, LibreOffice ikaweka fonti ingine pana kidogo, kurasa zikasukumana, jedwali la yaliyomo likasema sura ya pili iko ukurasa wa 19 na yenyewe iko wa 22, na mtoto alikuwa anadepoze kazi yake shuleni siku ile ile. Nilirudia karatasi zote kwa franga yangu na bado inaniuma. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike:

sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea

Carlito herufi zake zina upana sawasawa na za Calibri, Caladea na za Cambria, kwa hiyo mistari inakatika palepale. Ya Times New Roman na Arial ni Liberation, kwa kawaida iko ndani tayari. Halafu mwambie kila mwanafunzi alete na PDF pembeni ya faili ya Word, unachapisha PDF, unagusa Word tu kama anataka kusahihisha.

Publisher, mama, hapo nitakuambia wazi: anza kuiacha. Microsoft wenyewe wametangaza wanaacha kuitunza Oktoba 2026. LibreOffice Draw inafungua faili za .pub lakini picha na maandishi yanahama mahali, na mwaliko wa ndoa wenye jina la bibi harusi limeruka mstari hakuna familia itaupokea. Kaa kwenye ile mashini ingine yenye bado na Windows, toa mialiko yako yote ya zamani iwe PDF, kisha chagua mitano yenye wateja wanaipenda uijenge upya kwenye Scribus au Inkscape, programu za Linux za kupanga kurasa na kuchora. Itakula wiki, lakini utafanya mara moja.

Komptabilite usiijaribishe kwenye Wine. Hesabu za mtu si mahali pa kujaribia, programu inaweza kufunguka vizuri na siku ya kufunga mwaka ndo ikagoma kutoa bilansi. Iache kwenye mashini ya Windows, ukate intaneti kwenye hiyo mashini, na kila Ijumaa ukopie hesabu kwenye kle. Ukipata siku moja mashini ya giga 8 za memori, weka VirtualBox, programu inayotengeneza kompyuta ndani ya kompyuta, na Windows yenye laisensi ndani yake, hiyo sasa ni Windows kamili inayokaa kwenye dirisha.

Ya printa: draiva ya Windows, ile programu ya kuielekeza printa, haiingii kupitia Wine. Printa inafungwa kwenye Linux yenyewe, ikishaenda huko hata programu za Wine zitaiona.

Yaya, Photoshop na magemu je? Mwanafunzi, Katuba

Mdogo wangu, Photoshop CS6 wengi wameiendesha kwa Wine, hizi mpya ni taabu. Jaribu GIMP 3, programu ya bure ya kurekebisha picha, imetoka 2025 na imebadilika sana. Magemu mengi ya Steam, duka la magemu la kampuni ya Valve, yanaenda kwa Proton, ambayo ni Wine iliyoongezewa nguvu na Valve tangu 2018, lakini Valorant na Fortnite zinazuia Linux kwa sababu ya ulinzi wao dhidi ya wachezaji wanaodanganya, usihangaike nazo.

Nikiwa na Wine, virusi vya kle vitaniingia? Msomaji, Kamalondo

Vinaweza. Wine inaendesha .exe yoyote unayoibonyeza, na kwa kawaida inaionyesha diski yako yote kwa jina la Z:, kwa hiyo kirusi kinaweza kufuta nyaraka zako kama vile uko kwenye Windows. Tumia Bottles, programu ya kupangia Wine, kila programu ya Windows unaiweka kwenye chupa yake, na .exe iliyotoka kwenye kle ya mteja usiiguse. Ukiona mambo yameharibika, ukiwa unatumia Wine tupu futa folda ya .wine kwenye nyumba yako, inafichwa, bonyeza Ctrl na H uione. Programu za Windows zilizomo zitaenda nayo zote, kwa hiyo kwanza toa kazi zako.