Mdogo wako anatoka jela mwezi ujao: gawaneni mzigo kabla hajafika

Dada, nimekusoma vizuri. Mdogo wako anamaliza kifungo mwezi ujao. Kabla ya kukamatwa alikuwa anatumia heroini na kulala nje, na katika familia nzima ni wewe tu uliyekubali kumpokea. Majirani wanataka kuchanga, nawe unauliza kama pesa hizo apewe mkononi na muanze na lipi. Wengi wamekujibu mwombee na mtafutie kazi. Sina ugomvi nao, ila njia hiyo nimeipita kwa miguu yangu, kuanzia kwenye unga mpaka jela na kurudi uraiani, na siku hizi niko kwenye kikundi kinachopokea wanaotoka. Nitakujibu kwa kirefu, nivumilie.

Kwanza suala la uhai wake, maana ndilo ambalo watu wa nyumbani huogopa kulitamka. Ikiwa amekaa ndani bila kutumia, mwili wake umeacha kuuzoea unga. Kipimo alichokuwa anakimudu zamani sasa kinaweza kumuua, pumzi inapungua polepole mpaka inakatika. Kuna utafiti wa jimbo la Washington, Marekani, uliochapishwa mwaka 2007, uliofuatilia watu zaidi ya 30,000 waliotoka magerezani. Katika wiki mbili za mwanzo, uwezekano wao wa kufa kwa kuzidisha dawa ulikuwa mara 129 ya ule wa wakazi wengine wa jimbo hilo. Mnaogopa kumkumbusha? Hajasahau. Mwambie uso kwa uso kwamba usingependa atumie tena, lakini siku akiteleza asijifungie chumbani peke yake na asirudie kipimo cha zamani. Ulizeni kituo cha afya kuhusu naloksoni, dawa ya kupuliza puani au ya sindano inayorudisha pumzi. Mkimkuta haamki, anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo imebadilika rangi, mpeni naloksoni mkiwa nayo na mumkimbize hospitali hata akizinduka, kwa sababu nguvu ya naloksoni inaweza kuisha kabla ya ile ya heroini na akazama tena.

Hapo hapo, kama kuna kliniki ya methadoni, dawa ya hospitali inayotolewa badala ya heroini, mnayoweza kuifikia, fuatilieni utaratibu wa kuandikishwa kabla hajatoka. Atatokea mtu mwenye busara nyingi aseme huko ni kubadilisha uteja kwa uteja. Msimsikilize. Methadoni na mwenzake buprenofini zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005, na kazi yake ni kumwondolea mtu arosto, yale mateso ya mwili unapokosa unga, ili akili ipate nafasi ya kufikiria mambo mengine. Mimi sikuitumia, nilipitia njia nyingine, na hilo halinipi haki ya kumbeza anayeitumia. Na kama hata pombe alikuwa anakunywa kutwa nzima, au akarudi kwayo, msimfungie ndani "ajitakase". Kumkatia ghafla mtu aliyezoea pombe nyingi kunaweza kumletea degedege na kumuua. Hiyo ni kazi ya daktari.

Sasa nije kwenye lile ninalotaka ulishike. Misaada ya jamii kwa watu kama sisi haiharibiki kwa uchache. Inaharibika kwa sababu wote wanaleta kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nilipotoka, wiki ya kwanza nyumba ilijaa. Kila aliyekuja alikuwa na nguo kuukuu na nasaha. Nilipewa mifano ya watu waliobadilika mpaka nikawa nawajua wote. Miezi ikapita, nguo zipo, nasaha zipo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amejitolea kwenda nami kupanga foleni ya kitambulisho. Dada yangu mkubwa alibeba yote yaliyobaki, usiku na mchana, hadi akaugua. Usikubali kuwa yeye.

Kwa hiyo kabla hamjachanga chochote, kaeni kikao, na kila anayetaka kusaidia atoke na kazi moja ndogo yenye jina lake. Karatasi zipate mtu wake. Mtu asiye na kitambulisho hapangi chumba, hasajili laini ya simu, hafungui akaunti, haajiriwi, na aliyelala nje mara nyingi karatasi zake zilishapotea zamani. Kanuni za Nelson Mandela kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka mfungwa asaidiwe apate vitambulisho, mavazi, makazi na kazi anapotoka. Mimi nilitoka na mfuko wa plastiki. Basi ajue mmoja wenu hasa kwamba hilo ni lake, aanze kufuatilia sasa, na aulize pia kama kuna masharti ya kuripoti mahali fulani. Kukosa tarehe ya kuripoti kumewarudisha ndani watu niliowajua, na hawakuwa wameiba hata sindano.

Mwingine awe mtu wa kliniki, wa kumsindikiza siku za mwanzo na kukaa naye kwenye benchi. Ukiingia pale peke yako na mlinzi akakutazama kwa jicho lile, unageuza.

Halafu kuna jioni, na hapa nitakaa kidogo. Mchana mtu anajishughulisha. Jioni, kuanzia jua linapozama, ndipo mwili unapokumbuka ratiba yake. Jela muda huo mmeshafungiwa, huna cha kuamua. Nje unaamua kila kitu, na hiyo inachosha kuliko unavyodhani. Nilikuwa nasimama mbele ya mlango ambao haujafungwa nikisubiri mtu aufungue. Marafiki pekee walionikumbuka saa hizo walikuwa wale wa kijiweni, na kwa haki walikuwa wachangamfu kuliko ndugu zangu. Kumwambia mtu aachane nao bila kumpa wengine ni kumhukumu kifungo cha upweke. Mtafutieni watu wawili watatu wa kupokezana jioni, na wasije kumhubiria. Wacheze karata, watazame mpira, watengeneze redio mbovu, chochote. Kama kuna mikutano ya Narcotics Anonymous, vikundi vya waraibu wanaosaidiana kuacha, mnakoishi, inafaa sana, kwa sababu pale atakutana na waliolala alikolala na hatalazimika kujieleza kuanzia mwanzo.

Kuhusu pa kuishi: umesema atakaa kwako. Sawa, lakini jiulize atakaa kwako mpaka lini, na mpango wa pili ni upi. Wanaofanya kazi hii hubishana sana hapa. Upande mmoja kuna mtazamo wa nyumba kwanza, ulioanzia New York mwaka 1992 chini ya Sam Tsemberis: mpe mtu makazi bila kumtaka awe ameacha kwanza, kisha mletee huduma hapo alipo. Finland imeufanya kuwa sera ya nchi na idadi ya wasio na makazi ikashuka kwa miaka mingi. Upande wa pili kuna nyumba za Oxford House, zilizoanza Maryland mwaka 1975, ambako wakazi wanajiendesha wenyewe, wanagawana kodi, wanapiga kura, na anayerudia kutumia anaondoka. Utafiti mmoja uligawa watu 150 kwa bahati nasibu. Baada ya miaka miwili, waliopelekwa kwenye nyumba hizo waliokuwa wanatumia walikuwa asilimia 31, na waliopata huduma za kawaida asilimia 65. Mimi ni zao la nyumba ya aina hii ya pili na naipenda, lakini nimeona pia watu ambao kufukuzwa ndiko kulikowamaliza. Mdogo wako unamjua wewe. Kama kinachomwinua ni wenzake kumtegemea, nyumba ya pamoja itamfaa. Kama hofu ya kurudi kulala nje ndiyo inayompeleka kwenye unga, mhakikishie paa kwanza.

Jambo ambalo watu wema hulisahau ni kumpa kitu cha kufanya kwa ajili ya wengine. Mwaka 1949 Ufaransa, padre aliyejulikana kama Abbé Pierre alikutana na Georges, mtu aliyetoka kwenye kifungo kirefu na kujaribu kujiua. Padre hakumpa sadaka. Alimwomba amsaidie kujenga nyumba za wasio na pa kuishi, na jumuiya za Emmaus, ambako wasio na kitu huishi na kufanya kazi pamoja, zikaanzia hapo. Ni lazima niongeze kwamba mwaka 2024 Emmaus yenyewe ilitoa hadharani tuhuma za wanawake kwamba padre huyo, aliyefariki mwaka 2007, aliwadhulumu kingono. Nalitaja kwa makusudi, kwa sababu anayetoka jela akiwa hana kitu ni rahisi sana kuonewa na mfadhili wake. Ndiyo maana nyingine ya kugawana: asiwepo mtu mmoja anayeshika chumba chake, pesa zake na siri zake zote.

Mimi jirani alinipa ufunguo wa stoo ya vyombo vya msibani na akaniambia nivihesabu vikitoka na vikirudi. Ilikuwa kazi ya bure, na baadhi ya watu walinong'ona. Hakuna nasaha iliyonifanyia kazi kama ufunguo ule.

Pesa sasa. Nyingi mkononi siku ya kwanza, hapana. Kumnyima kabisa kama mtoto, hapana pia, maana mtu mzima asiye na nauli ataipata mahali. Lipeni moja kwa moja mambo makubwa, kama kodi, ada za vyeti na vifaa vya kazi, na yeye apate kiasi kidogo cha kila wiki ambacho hatoi hesabu yake. Wanaoidhinisha pesa kutoka kwenye akaunti ya mchango wawe wawili. Mchango mwingine uwekeni kwa ajili ya mwezi wa nne na kuendelea, wakati ambapo shangwe zimekwisha na kazi bado haijapatikana.

Na mkubaliane mapema itakuwaje akiteleza, kwa sababu inatokea sana na si lazima iwe mwisho. Amueni mkiwa na akili tulivu: nani anapigiwa simu kwanza, nani anaenda naye kliniki siku hiyo hiyo, watoto wako watalala wapi usiku huo. Wizi ndani ya nyumba yako ni jambo jingine, na una haki ya kuweka mpaka na kuusimamia. Nao uwe umeusema kabla, si siku ya hasira.

Wewe pia unahitaji mtu wa kumpigia ambaye si mdogo wako. Kuna vikundi vya ndugu wa waraibu, Nar-Anon kwa mfano. Usipopata, rafiki mmoja asiyechoka kusikiliza anatosha kuanzia.

Bado una wiki kadhaa, kwa hiyo nenda ukamtembelee. Usiende na mpango uliokamilika. Muulize yeye anataka nani asiwepo siku anatoka, karatasi zake mara ya mwisho aliziona wapi, na saa ngapi ya siku anaiogopa zaidi. Mkishapata majibu hayo ndipo muitishe kile kikao, na akitoka awemo kwenye vinavyofuata.