Maswali ya Wasomaji: Je, Nimeliona Fuvu au Sijaliona?

Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili hapa Dar es Salaam. Mwezi uliopita darasa letu lilitembelea Makumbusho ya Taifa, ile iliyopo Mtaa wa Shaaban Robert, karibu na Bustani ya Mimea. Nimesoma habari za fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, tangu shule ya msingi, kwa hiyo nilipoingia nililitafuta hilo kabla ya kitu kingine chochote. Nilikuwa nimeanza kulichora katika daftari langu wakati mwongozaji aliposema kwamba tunachokitazama ni nakala, na kwamba fuvu lenyewe limefungiwa katika chumba maalumu. Wenzangu walicheka, nami nikafunga daftari. Je, ni haki mwanafunzi alipe kiingilio kisha aonyeshwe kitu cha bandia? Na katika ripoti ya mwalimu, niandike kwamba nimeliona fuvu au sijaliona?
Mwanafunzi, Temeke

Marahaba, mwanangu. Andika kwamba umeona nakala ya fuvu, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Neno "bandia", hata hivyo, nakushauri ulifute. Kitu cha bandia hutengenezwa ili mtu adhani ni halisi, ilhali nakala ya makumbusho kwa kawaida hutolewa kwa kalibu iliyochukuliwa juu ya mfupa wenyewe, ikabeba kila ufa na kila tundu, na aliyewapokea aliwaeleza bila kuficha kwamba ni nakala. Ninyi mlicheka alipokuwa akiwatendea haki.

Tazama kile kinacholindwa. Tarehe 17 Julai 1959, katika Bonde la Olduvai, ambalo Wamasai hulijua kwa jina la Oldupai kutokana na mkonge pori unaoota huko, mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliona mfupa uliochomoza kwenye mteremko, na alipousogelea akaona meno makubwa ya taya la juu. Mumewe na mtafiti mwenzake, Louis, siku hiyo alikuwa amelala kambini akiumwa. Fuvu hilo halikutoka ardhini likiwa zima. Lilitoka katika mamia ya vipande, vingine vidogo mno hata ikabidi udongo uchekechwe ili vipatikane, kisha vikaunganishwa kimoja kimoja kwa subira ambayo wengi wetu hatuna. Majivu ya volkano yaliyokuwa katika matabaka hayo ndiyo yaliyowawezesha wataalamu kupima umri wake, na mwaka 1961 wakatangaza kwamba ni takriban miaka milioni 1.75. Mwaka 1965 fuvu likarudishwa nchini. Kitu cha namna hiyo kikidondoka mara moja tu, hakuna duka la kununua kingine, na gundi inayoshikilia vipande vyake huchoka kwa joto na unyevunyevu, vitu viwili ambavyo mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa. Zaidi ya hayo, watafiti bado wanahitaji mfupa halisi ili waupime upya kila vipimo vipya vinapobuniwa. Wewe ulihitaji umbo lake ili ulichore, na umbo ulipewa.

Ukipata nafasi ya kurudi, litazame taya la chini. Fuvu lililopatikana Olduvai halikuwa na taya la chini. Lilipatikana la kiumbe mwingine wa jamii hiyohiyo mwaka 1964, huko Peninj karibu na Ziwa Natron, na aliyeligundua ni Mkenya, Kamoya Kimeu. Kwa hiyo sura yoyote ya Zinjanthropus uliyowahi kuiona kitabuni ikiwa na mataya yote mawili, ujue mkono wa mtu umeikamilisha. Muulize mwongozaji ni kipi kilichochimbwa na kipi kilichojazwa. Mwongozaji mzuri hufurahia swali hilo kuliko kuulizwa choo kiko wapi.

Lisome pia jina lenyewe. "Zinj" ni jina la kale ambalo Waarabu waliiita pwani yetu, nalo limo ndani ya jina la Zanzibar, ingawa wataalamu wengi siku hizi humwita kiumbe huyo Paranthropus boisei. Louis Leakey alidhani mwanzoni kwamba huyu ndiye aliyetengeneza zana za mawe zilizopatikana hapo. Mwaka 1964, baada ya mabaki mengine kuchimbwa bonde hilohilo, yeye na wenzake walitangaza kiumbe mwingine wa kale, Homo habilis, na kumpa huyo sifa ya utengenezaji wa zana. Hayo yaingize katika ripoti yako.

Mhariri, tulipotembelea makumbusho tulitegemea kumkuta mjusi mkubwa wa Tendaguru, yaani dinosaria, hatukumkuta. Yuko wapi?
Mwanafunzi wa kidato cha nne, Kinondoni

Yuko Berlin. Kati ya mwaka 1909 na 1913, wakati nchi yetu ikitawaliwa na Wajerumani, walichimba mifupa ya kale katika kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, wakasafirisha takriban tani 250. Kazi ya kuchimba na kubeba ilifanywa na mamia ya wenyeji, miongoni mwao msimamizi aliyeitwa Boheti bin Amrani, na mizigo ilifikishwa bandarini Lindi kwa vichwa na mabega, safari ya siku kadhaa kwa miguu. Mjusi huyo, ambaye wataalamu humwita Giraffatitan, aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, na mifupa yake iliyosimamishwa Berlin mwaka 1937 ina kimo cha zaidi ya mita 13. Yule ndugu wa Temeke atafurahi kusikia kwamba hata huko Berlin sehemu ya uti wa mgongo na fuvu lililo juu ya shingo ni nakala, maana mifupa halisi ni mizito na rahisi kuvunjika. Suala la kurudishwa kwake limewahi kufika hata bungeni. Binafsi naona si sawa mtoto wa Lindi alazimike kupanda ndege ili akaone kilichobebwa kwa vichwa vya babu zake.

Mhariri, nilimtuma mwanangu Makumbusho ya Taifa kwa kazi ya shule. Alipanda daladala ya Makumbusho, akashuka kituo cha mwisho, akarudi na picha za nyumba za udongo na makuti. Amekosea wapi?
Mzazi, Tegeta

Hakukosea sana, ndugu yangu. Alifika Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, ambacho nacho ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa na huonyesha nyumba za asili za makabila yetu. Kituo cha daladala kimechukua jina hilo. Safari ijayo apande daladala ya Posta, akishuka aulizie Mtaa wa Shaaban Robert. Avae sare na abebe kitambulisho cha shule, kwa kuwa kiingilio cha mwanafunzi si sawa na cha mtu mzima. Zile picha za nyumba asizifute.