Simu Inaingia Eduroam, Kompyuta Inakataa

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, Dar es Salaam. Simu yangu iliunganishwa na eduroam, mtandao wa Wi-Fi wa vyuo, tangu wiki ya kwanza, lakini kompyuta mpakato niliyoinunua kwa mtu inaomba jina na nenosiri, inazungukazunguka, kisha inakataa. Mwenzangu wa bwenini ananishauri nizime uhakiki wa cheti cha seva, kama alivyofanya yeye. Je, nimsikilize?

JIBU: Hapana. Wi-Fi ya nyumbani ina nenosiri moja la watu wote, ilhali eduroam, wazo lililoanzia Uholanzi mwaka 2002, humtaka kila mtu aingie kwa jina lake, na maombi yake hupelekwa hadi kwenye seva ya chuo chake mwenyewe, hata akiwa mgeni katika chuo cha Nairobi. Cheti ndicho kitambulisho cha seva hiyo. Ukizima uhakiki, mtu yeyote aliyeketi kantini na kifaa kinachorusha jina la eduroam anaweza kuihadaa kompyuta yako impe taarifa za kumfikisha kwenye nenosiri lako, ambalo katika vyuo vingi ndilo linalofungua pia barua pepe na matokeo.

Kwa kuwa kompyuta yako imeshatumika, anza kwa kutazama tarehe pembeni mwa skrini. Wakati mwingine betri ndogo ya ndani, ile ya umbo la kitufe, huwa imekufa, na kila kompyuta inapozimwa saa hurudi nyuma miaka kadhaa. Cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kwa kompyuta inayodhani tuko mwaka 2015, cheti cha juzi bado hakijazaliwa. Rekebisha tarehe kwa mkono, kisha fundi akubadilishie betri hiyo, la sivyo utarekebisha kila asubuhi.

Jina nalo liandikwe kamili, pamoja na alama ya @ na anwani ya chuo inayoishia na .ac.tz, kwa sababu mkia huo ndio unaoonyesha maombi yapelekwe wapi. Nafasi tupu iliyojipenyeza mwishoni mwa jina inatosha kukukwamisha.

Ikiwa bado inakataa, iamuru kompyuta iusahau mtandao huo, washa hotspot ya simu, upakue programu ya geteduroam, kisha uchague jina la chuo chako. Yenyewe itaweka cheti na jina la seva mahali pake. Chuo kisipoonekana kwenye orodha, nenda kitengo cha TEHAMA na kompyuta yako mkononi, uombe vitu hivyo viwili.

Mwenzako naye arudishe uhakiki alioufuta, kisha abadilishe nenosiri lake.