Mashine ya hewa na usingizi wa watoto: anzeni na mabomba

Mkuu, umeuliza ununue mashine ipi ya kubadilisha hewa inayorudisha joto ili watoto wasisikie muungurumo usiku, na umesema nyumba yenu hapo Ujerumani bado iko kwenye ramani. Basi mmewahi. Mimi naishi kwenye nyumba ya aina hiyo nje kidogo ya Hannover, na kwa niliyoyaona, utulivu unaamuliwa na mabomba kuliko jina la mashine.

Kwa wasioifahamu: nyumba mpya za huku zimezibwa hasa. Wakilala watu watano bila hewa kubadilishwa, asubuhi vichwa vizito na vioo vinatoka jasho. Mashine inavuta hewa ya jikoni, bafuni na chooni, inaipitisha kwenye kibadilisha joto, na hewa safi inapita upande wa pili wa kuta nyembamba bila kuchanganyika nayo. Ikirudisha asilimia 80 ya joto, nje kukiwa nyuzi 0 na ndani 20, vyumbani inaingia hewa ya nyuzi 16 hivi.

Sasa kelele. Hewa ikikimbia, inalia. Kila mtu hukadiriwa mita za ujazo 30 kwa saa. Lile bomba la plastiki la milimita 75 lina uwazi wa ndani wa milimita 63 hivi. Ukilipitishia zote 30, mwendo unafika karibu mita 2.7 kwa sekunde, na kitandani utausikia mvumo. Gawanya kwenye mabomba mawili, mwendo unashuka hadi 1.3. Fundi atakwambia moja linatosha. Kataa, hasa chumba cha wazazi, maana jamvi likishamwagwa zege hakuna pa kuongezea.

Mashine nayo chukueni yenye uwezo kuzidi mahitaji yenu, iwe inatembea polepole. Mzunguko wa feni ukipungua kwa nusu, sauti yake hushuka kama desibeli 15, na hiyo ni tofauti kubwa mno. Ikae stoo au chumba cha chini, juu ya vipande vya mpira vya kuzuia mtetemo, isigusane na ukuta wa chumba cha kulala.

Sailensa wekeni kwenye bomba linaloingiza hewa na linaloitoa, karibu na mashine. Halafu kila chumba kiwe na mabomba yake kutoka kwenye sanduku la mgawanyo. Kwa jirani yetu vyumba viwili vinatumia bomba moja: mtoto akikohoa, wazazi wanamsikia kupitia darini.

Milango iachiwe nafasi ya sentimita moja chini ili hewa ipite. Feni ya juu ya jiko msiiunganishe humu kabisa, mafuta yataharibu kila kitu. Na bomba linaloleta hewa ya nje lifungwe sponji isiyopitisha unyevu, la sivyo majira ya baridi litadondosha maji ndani.

Kwenye mkataba andikeni desibeli 25 kuwa ukomo wa vyumba vya kulala. Ndicho kiwango cha nyumba za Passivhaus, yaani zile zinazojengwa zitumie nishati kidogo mno ya kupashia joto. Siku ya makabidhiano fundi apime hewa kwenye kila tundu na kelele kila chumba, mashine ikiwa kwenye mwendo wa kawaida, na awape karatasi ya vipimo. Malipo ya mwisho yaisubiri karatasi hiyo.